Mafahali Wawili, Zizi Moja: Mwongozo wa Kuunganisha Betri za Lithiamu Bila Kupoteza Nyusi

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Walinena hivyo kwa sababu hawakuwa na multimita.

Hapa Kware, upande wetu huu wa Kajiado ambako mawe ya mjengo hutoka ardhini mchana na stima hutoka nyumbani usiku, kila boma linalojiheshimu lina betri. Tulianza na taa ndogo za sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Kisha likaja giza la tarehe 25 Agosti 2023, lililofunika karibu nchi nzima na kuufikia hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, tukaelewa kwamba mwenye betri ndiye mwenye sauti mtaani, maana kwake ndiko majirani hupeleka simu zao. Tangu hapo ratiba haibadiliki. Mtu hununua betri moja ya lithiamu, akalala usingizi mtamu kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne ananunua televisheni kubwa. Mwezi wa tano anaongeza friji. Mwezi wa sita anapata betri ya pili, mtumba, kwa bei ambayo muuzaji hakutaka kuieleza, na jioni hiyohiyo anataka kuziunganisha ziwe moja. Hapo ndipo mwongozo huu unapoingia. Hapo pia ndipo jirani mwenye busara huanza kujaza ndoo zake.

Utauliza nina sifa gani za kukufundisha. Nyusi zangu zote mbili zipo, ila hazikuota mwaka mmoja. Hiyo inatosha.

Kwanza kabisa, mtafute shemeji

Kila mradi wa umeme una shemeji wake. Ni yule aliyetazama video tatu kwenye simu, ya nne ikakatika katikati kwa kukosa bando, naye akaimalizia kichwani. Atafika amevaa pete, mkufu na ndala. Atazitazama betri zako mbili, atatikisa kichwa kama daktari, kisha atatamka maneno manne ambayo yametia hasara watu wengi kuliko mafuriko: “Hii ni DC tu.”

Mpe chai. Mkalishe mbali. Ni kweli kwamba umeme wa volti 50 hivi si rahisi kumrusha mtu mwenye mikono mikavu. Lakini betri ya lithiamu haikutafuti wewe, inatafuta chuma chako. Spana ikiangukia katikati ya chanya na hasi hujichomelea hapohapo bila kumlipa fundi wa kuchomelea. Pete ikifanya kazi hiyo ya spana, kidole kitakuwa ndani yake. Kwa hiyo agizo la kwanza la mwongozo huu ni la bei nafuu: vua pete, vua saa, vua mkufu. Shemeji akikataa kuvua pete kwa sababu za ndoa, mpeleke akanunue maziwa Kitengela, tena kwa miguu.

Vifaa

Tafuta multimita inayofanya kazi, si ile ya kupepesa namba kama mganga. Tafuta chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya kila betri, miwani ya kukinga macho, waya nene za urefu sawa, fyuzi mbili na nyingine ndogo, na kalamu ya wino mzito. Tafuta pia balbu ya taa ya mbele ya lori. Hili la mwisho halitakusumbua, kwa kuwa Kware hatupungukiwi na lori za mawe. Ila mwombe dereva kwanza.

Kazi ifanyike nje, kwenye sakafu ya saruji au udongo mtupu, mbali na godoro, mtungi wa gesi na lile rundo la magazeti unalosema utalisoma siku moja. Mwisho, tayarisha subira ya kutosha. Hiyo haiuzwi kwenye hadiwea yoyote kati ya hapa na Namanga.

Hatua ya 1: Jua ukoo wa betri yako

Mfugaji hanunui ng'ombe mnadani Bissil kabla ya kumwangalia meno. Wewe umenunua betri kwa kuangalia rangi ya plastiki. Si neno, bado hatujachelewa.

Lithiamu si betri ya aina moja. Kuna lithiamu ayoni ya kawaida, ile ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo wavumbuzi wake wakuu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 siku hiyo. Kumbuka mfano wake wa subira tutakapofika hatua ya 5. Seli moja ya aina hii ikijaa husoma volti 4.2, na ikishuka kufikia volti 3 imekwisha kazi ya siku. Ukizifuatanisha seli 13 unapata kile ambacho wauzaji hukiita betri ya volti 48, ingawa ikijaa husoma 54.6.

Ya pili ni lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo mafundi huiita LFP, iliyotokana na utafiti wa maabara ya Goodenough huyohuyo kule Texas miaka ya 1990. Seli yake ikijaa hufika 3.65, na kwa kawaida huishi karibu na 3.2. Zifuatanishe 16, nazo pia zitauzwa kwa jina la volti 48, ila zikijaa zitasoma 58.4.

Je, umeona mtego? Betri mbili zenye jina moja kwenye kibandiko, na zikijaa zinapishana volti 3.8. Ukiziweka pamoja, moja itatumia maisha yake yote ikimlisha mwenzake kupita kiasi. Usichanganye koo hizi mbili, na usiziingize kwenye zizi moja na ile betri nzito ya risasi uliyoirithi kwa mzee. Soma kibandiko. Kama hakuna kibandiko, muulize muuzaji idadi ya seli zilizofuatana. Akijibu “ni nguvu sana, boss,” hesabu kwamba hajajibu.

Tukiwa hapohapo: betri ya boda ya umeme, ile ya kubadilishana kituoni, si yako. Pale ulinunua maziwa, hukununua ng'ombe. Irudishe.

Hatua ya 2: Pima, uandike

Chukua multimita, iweke kwenye volti za DC, pima betri ya kwanza, andika namba juu yake kwa ile kalamu. Pima ya pili, andika. Usiseme utakumbuka. Uliahidi kukumbuka namba ya tokeni pia, na tulikaa gizani.

Shemeji, kutoka kwenye kiti chake cha mbali, atauliza kwa nini tusumbuke ilhali zote mbili zimeandikwa volti 48. Mwambie hata yeye ameandikwa “fundi” kwenye fulana.

Tuseme betri A inasoma 54.6, imejaa pomoni. Betri B inasoma 41.6, imechoka. Tofauti ni volti 13. Namba hiyo 13 ndiyo fahali wa pili. Mengine yote katika makala haya ni juhudi za kumtuliza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya aibu

Fikiria matangi mawili ya maji, moja limejaa, jingine lina maji ya kufunika kisigino, yamewekwa sakafu moja na kuunganishwa chini kwa bomba. Fungua koki. Maji yatakimbia kutoka tangi lililojaa hadi yalingane. Hakuna mtu wa Kajiado asiyeelewa jambo hili, kwa kuwa sote tumenunua maji ya bowsa na kuyatazama yakipanda kwa uchungu wa shilingi.

Betri mbili zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni bomba. Ukinzani wa ndani wa betri nzuri ni mdogo mno, na huo ndio uzuri wake: hutoa nguvu bila kunung'unika. Tuseme ukinzani wa betri zote mbili pamoja ni omu 0.13, kiwango cha kawaida kwa betri zilizojengwa kwa seli kumi kumi sambamba. Gawanya 13 kwa 0.13. Jibu ni ampea 100.

Seli hizo, zikiwa kumi kumi, zinastahili kuchajiwa kwa ampea 15 hivi. Wewe unazishindilia 100. Na zile volti 13 zikizidishwa kwa ampea 100 zinatoa wati 1,300 za joto, karibu zote zikiwa ndani ya betri na kwenye viungo vya waya. Hiyo ni pasi ya umeme ya moto mkali, uliyoifungia ndani ya sanduku lenye kimiminika kinachoshika moto, ukaliweka chini ya ngazi.

“Lakini kuna kile kibao cha ulinzi,” anasema shemeji. Ana maana ya BMS, kibao cha kielektroniki kinachokata umeme mambo yakizidi. Kipo, na kikiwa kizuri huenda kikakata kwa wakati. Lakini BMS ni askari wa getini, si mchungaji. Imewekwa izuie balaa la bahati mbaya, haikuwekwa ipokee balaa ulilolipanga kwa makusudi Jumamosi asubuhi. Tena swichi zake za kielektroniki zikizidiwa mara nyingi hufia katika hali ya kufunguka mlango: umeme unaendelea kupita, askari amelala usingizi wa milele, na wewe unaendelea kumpigia saluti.

Hatua ya 4: Karantini

Mfugaji mwenye akili akinunua mnyama mgeni hamwingizi zizini jioni hiyohiyo. Humtenga, humtazama anavyokula, anavyokohoa, kisha ndipo amchanganye na kundi.

Betri nayo itengwe. Chaji kila moja peke yake, kwa chaja yake, mpaka chaja iseme imejaa. Usiwe kama yule anayezichaji zote mbili kwa chaja moja kwa zamu ya dakika kumi kumi ili ziwe na haki sawa. Zikishajaa, zing'oe kwenye chaja, ziache zipumzike saa moja au mbili, kisha pima tena. Hii ndiyo njia bora kuliko zote, ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo maana hakuna mtu anayeitumia.

Wakati huu wa kutengwa ndio wa kukagua ndani ya zizi lenyewe. Betri inaweza kusoma volti nzuri kwa jumla huku kundi moja la seli ndani yake limelala njaa. Kama betri yako ina soketi ya waya nyembamba za BMS, au programu ya simu inayoonyesha kila kundi, soma makundi yote. Betri iliyojaa na yenye afya, makundi yake hupishana kwa volti 0.02 au 0.03 hivi. Yakipishana kidogo zaidi ya hapo, iache kwenye chaja yake: vibao vingi vya BMS hupunguza kundi lililotangulia ili la nyuma lifike. Ila kazi hiyo huenda polepole. Kibao kinachochuja kwa miliampea 60 kitachukua karibu saa 17 kusawazisha ampea-saa 1. Mkeo atauliza kwa nini betri iko sebuleni siku ya tatu. Mwambie iko kwenye ibada.

Kundi lililoshuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo kwa majuma, usilifufue. Shaba iliyo ndani ya seli iliyokaushwa hivyo huyeyuka, kisha ukiichaji hujenga daraja pale pasipotakiwa daraja. Wapo mafundi wanaojisifu kwamba wanafufua seli zilizokufa. Ufufuo waachie wahubiri, na betri ipeleke kwa wanaochakata taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre ya Nairobi. Usiitupe shimoni kule machimboni. Mbuzi wa watu wanapita.

Hatua ya 5: Mchungaji mwenye balbu

Sasa tuseme huna chaja ya betri B. Muuzaji alikuahidi ataituma kwa boda, na wewe ukaamini. Au umezichaji zote na bado zinapishana volti moja au mbili. Hapa ndipo balbu ya lori inapopata heshima yake.

Unganisha hasi kwa hasi. Kwenye upande wa chanya, usiunganishe moja kwa moja. Weka balbu katikati, ili kila chembe ya umeme inayotoka A kwenda B ipite kwenye uzi wa balbu, na uweke fyuzi ndogo njiani. Balbu ya volti 24 na wati 70 haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 3 hivi ikiwa inawaka kikamilifu. Kwa tofauti yetu ya volti 13 itapitisha karibu ampea 2. Kutoka ampea 100 hadi 2, kwa kifaa ambacho dereva wa lori hubadilisha akiwa amesimama juu ya bampa.

Uzuri wa mchungaji huyu ni kwamba anaongea. Tofauti ikiwa kubwa, anang'aa. Betri zikikaribiana, anafifia. Zikifanana, anazima. Hakuna programu, hakuna nenosiri, hakuna ujumbe wa kukutaka usasishe chochote.

Naye pia ni shahidi wa bei nafuu. Ukikosea ukageuza chanya na hasi, volti za betri zote mbili hujumlishana: 54.6 na 41.6 ni 96.2. Balbu itawaka kufumba na kufumbua, kisha itakufa kifo cha kishujaa, pengine kwa kupasuka, na ndiyo sababu umevaa miwani. Bila balbu, 96.2 kugawanya kwa 0.13 ni ampea 740. Ampea 740 hazikupi nafasi ya kuomba radhi.

Balbu ya boda, ya volti 12, itumie pale tofauti iko chini ya volti 12. Tofauti ikizidi, fuatanisha mbili. Na kwa kuwa balbu huwa ya moto sana, usiilaze juu ya beseni la plastiki. Beseni ni la mama, nawe unajua mama alivyo na kumbukumbu.

Kazi hii huchukua saa nyingi. Anza asubuhi. Ikifika jioni haijaisha, tenganisha, nenda ukalale, endelea kesho. Usiiache ikiendelea usiku eti unasikia kwa usingizi. Husikii. Hata mvua ya mawe hukuisikia.

Onyo kwa wenye LFP

Wenye betri za fosfeti ya chuma mmekuwa mkitabasamu tangu mwanzo, kwa sababu mlisikia kwamba betri zenu ni tulivu. Ni kweli ni tulivu zaidi kwenye joto. Lakini ni wanafiki kwenye multimita. Kati ya chaji ya asilimia 20 na asilimia 80, volti ya seli iliyopumzika husogea kwa takriban 0.1 tu. Betri yenu ya volti 12, yenye seli nne, inaweza kupishana na mwenzake kwa nusu tangi na multimita ikaonyesha tofauti ya sehemu kadhaa za volti moja. Mtaziunganisha mkidhani zimelingana, kisha mtashangaa kwa nini moja inajaa na kuzima mapema wakati nyingine bado inaomba.

Kwa hiyo kwenu hakuna njia ya mkato: jaza kila betri mpaka mwisho, peke yake, kisha ndipo mziunganishe. Balbu haitawasaidia sana, maana mchungaji hawezi kutenganisha mafahali wanaojifanya marafiki.

Hatua ya 6: Harusi ndogo, bila spika

Pima mara ya mwisho. Kwa betri zetu, tofauti ikiwa chini ya volti 0.1, mkondo wa kwanza utakuwa chini ya ampea 1. Mafahali wametulia. Fungua zizi.

Kila betri iwe na fyuzi yake, karibu kabisa na chanya yake, kabla ya waya kukutana. Na hapa shemeji, tuliyemtuma hatimaye, atarudi kutoka Kitengela akiwa na maziwa na fyuzi ya gari mfukoni. Mwombe aisome. Fyuzi za gari za kawaida zimeandikwa volti 32. Kwenye betri ya volti 54 fyuzi hiyo inaweza kukatika kisha umeme ukaruka pengo na kuendelea na safari yake kama matatu inayopita kituo. Nunua iliyoandikwa DC na volti zinazozidi za betri yako ikiwa imejaa.

Waya za betri zote mbili ziwe za urefu na unene sawa. Kisha mzigo, yaani inveta, uchukue chanya kutoka betri moja na hasi kutoka ile nyingine, mshazari. Ukichukua vyote viwili kwenye betri ya kwanza, hiyo ndiyo itakayofanya kazi zaidi na kuzeeka upesi, huku ya pili ikiishi kama kitindamimba.

Kaza nati. Subiri dakika tano. Gusa viungo kwa mgongo wa mkono: vikiwa baridi, umefaulu. Kikipata joto kiungo kimoja, hakijakazwa au kina kutu.

Kama katika hatua yoyote ulijikuta umekunja uso kwa kutoelewa, hiyo ndiyo ishara ya kumwita fundi wa sola mwenye leseni ya EPRA. Muulize akuonyeshe leseni hiyo. Atakayecheka, acheke akielekea getini.

Mambo yakiharibika

Hapa kejeli inakaa chini kidogo. Betri ikivimba, ikitoa mlio wa kuzomea, au harufu tamu kama ya dawa ya kutoa rangi ya kucha, usirudi kuokoa waya. Toa watu nje, wote, na uwapeleke upande upepo unakotoka. Moshi wake una sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni, nayo huumiza mapafu hata kama hujaona moto. Kama inaweza kukatwa kwenye swichi kuu bila kuisogelea, ikate. Piga 999 au 112.

Mchanga huzuia cheche zisisambae lakini haupoozi seli iliyokwisha kujichemsha. Kinachopooza ni maji mengi, mengi kweli, si ndoo mbili za punda, na ni kazi ya zimamoto. Hata moto ukizimika, betri hiyo inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo haiingii ndani usiku huo hata ikikuahidi nini.

Maswali ya shemeji

*Je, siwezi kuzigusanisha haraka nione kama zinatoa cheche?* Unaweza. Vilevile unaweza kupima kina cha kisima kwa kuruka.

*Betri ya zamani na mpya, je?* Kama ni za ukoo mmoja, idadi moja ya seli, na zimesawazishwa, zitaishi pamoja. Ila mpya itabeba mzigo mkubwa zaidi. Kila nyumba ina mtu wa namna hiyo.

*Na nikizifuatanisha badala ya kuziunganisha sambamba?* Hilo ni zizi jingine. Volti zitajumlishana zifike zaidi ya 100, na vibao vingi vya BMS havikutengenezwa kustahimili hilo. Wakati huo maneno “hii ni DC tu” yatakuwa maneno ya mwisho ya mtu.

*Ajali haina kinga, ama?* Hii ina kinga. Inaitwa multimita, na haizidi bei ya nyama choma ya Jumapili kwa watu wawili.

Ukimaliza kusoma, usinipigie simu kunishukuru. Toka nje, pima betri zako mbili, andika namba na tarehe juu ya kila moja. Namba zisipofanana, usiunganishe leo.